Mkopeshaji Asiye na Masikio

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani haihusu pepo wala moto. Inahusu deni. Ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, na watoto wengi wa madrasa huijua kwa urefu wake kabla ya kuijua kwa maana yake. Inaagiza mkopo wa muda uandikwe, mwandishi awe mwadilifu na mashahidi wawepo. Ndani ya maagizo hayo limo jambo ambalo ni rahisi kulipita: anayetakiwa kutamka maneno ya kuandikwa ni yule anayedaiwa. Mwenye mali anasikiliza, mwenye shida anasema, na kalamu inamfuata huyo. Aya ya 280, iliyo jirani yake, inataka mdaiwa aliyebanwa apewe muda mpaka afarijike.

Siyaleti haya ili nitoe hukumu ya riba. Hilo lina wenyewe. Nayaleta kwa sababu yamebeba dhana ambayo furaha yetu ya huduma za fedha za simu imeifunika, kwamba deni ni mazungumzo. Mkopeshaji humtazama mkopaji, na pia humsikiliza. Nataka kuuliza basi: mtu anapoingizwa katika mfumo rasmi wa fedha kwa njia ya simu, nani humsikiliza?

Kenya ndiko kunakofaa kuulizia. Mwaka 2006, kabla ya huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa kuzinduliwa Machi 2007, utafiti wa kitaifa wa FinAccess ulikuta watu wazima 26.7 kwa mia wakitumia huduma rasmi za fedha. Mwaka 2021 walikuwa 83.7. Kwa kipimo hicho kazi inakaribia kwisha. Lakini watafiti haohao hupima pia afya ya kifedha, yaani kama mtu anamudu matumizi ya kila siku, anahimili dharura na anaweza kupanga ya mbele. Mwaka 2016 waliofikia kiwango hicho walikuwa 39.4 kwa mia. Mwaka 2021 wakabaki 17.1. Korona ilipita katikati, na si haki kuibebesha simu lawama yote. Hata hivyo, yeyote aliyedhani kwamba kuwa ndani ya mfumo na kuwa salama ni kitu kimoja anapaswa kuzisoma tarakimu hizo mara mbili.

Simu ilileta nafuu, na nafuu ya kweli. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini. Kinachonivutia zaidi ni kazi yao ya awali, iliyoonyesha nafuu hiyo inavyopatikana. Nyumba ikipatwa na msiba, ugonjwa au ukame, waliokuwa na M-Pesa hawakulazimika kupunguza matumizi kama wasiokuwa nayo, kwa kuwa walitumiwa fedha na watu wengi zaidi. Shangazi aliye Kitale alipiga simu, mpwa aliye Mombasa akasikia, pesa ikafika jioni hiyohiyo. Mtambo ulibeba tu usikivu uliokuwepo tayari baina ya ndugu, ukaufikisha mbali kuliko basi.

Mikopo ya simu ilikuja juu ya njia hiyohiyo, ila kwa tabia nyingine. M-Shwari ilizinduliwa Novemba 2012, kwa ada ya asilimia 7.5 ya mkopo wa siku 30. Ukiihesabu kwa mwaka, inakaribia asilimia 90. Januari 2019 ikafuata Fuliza, inayokulipia pale salio linapopungua, kisha hujikatia deni lake yenyewe pesa yoyote inapoingia. Pesa yoyote, hata ile aliyotuma mpwa ili shangazi anunue dawa. Njia iliyokuwa ya ndugu imekuwa pia njia ya mdai, na mdai hufika wa kwanza.

Hapa mtu atatarajia nianze kulilia daftari la mwenye duka. Sililii. Mwenye duka anayekukopesha sukari anajua mumeo amerudi saa ngapi, na siku ya ugomvi atalitaja deni lako mbele ya wateja. Mwanafalsafa Mjerumani Georg Simmel, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu falsafa ya pesa, aliliona hili vizuri. Mkulima anayemlipa bwana wake kwa asali analazimika kufuga nyuki. Akiruhusiwa kulipa kwa pesa, bwana hana tena la kusema juu ya shamba lake. Kwa Simmel, pesa humwachia mtu nafsi yake. Unadaiwa kiasi tu, na ukikilipa, hakuna mwenye haki ya kukuchungulia.

Kwa hoja hiyo mkopo wa simu ungekuwa kilele cha uhuru: hauna uso, hauna umbeya, wala hauna foleni ya kukusikiliza ukiomba. Imekuwa kinyume. Ili programu ya mikopo imkopeshe mtu asiye na hati ya shamba, iliomba kuona meseji zake, miamala yake na majina yote aliyohifadhi kwenye simu. Macho ya jirani yamerudi, safari hii hayalali. Na mkopaji alipochelewa, wakopeshaji wengine walimpigia bosi wake, mkwe wake, hata mchungaji wake. Tanzania mikopo ya namna hii, ya mtaani na ya simu, watu wameipa jina kausha damu.

Aibu ya kijijini ilikuwa kali, lakini ilikuwa na ncha mbili. Anayemdai mfiwa akiwa bado matangani hukemewa na wazee, na huenda watu wasinunue tena dukani kwake. Mdai naye ana uso wa kupoteza. Mkopeshaji wa simu ameiazima ncha moja ya aibu hiyo na kuiacha nyingine: anaweza kukuaibisha mbele ya ukoo wako, na hakuna ukoo unaoweza kumwaibisha yeye. Simmel alituahidi pesa isiyo na nafsi. Tumepata ambayo haina nafsi upande wa mdai tu.

Kuna pingamizi zito. Masikio ya mwenye duka yana upendeleo, humsikia anayemjua. Mgeni wa mtaa, au mwanamke ambaye shamba limeandikwa jina la mume, husema na asisikiwe. Mashine haimuulizi kabila. Nalikubali hilo, kwa saa ya kuamua nani apewe. Ila deni huishi baada ya saa hiyo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na akili yote ya teknolojia hii imemwagwa kwenye harusi: mkopo kwa dakika moja, kwa kubonyeza mara mbili. Kwenye matanga kuna tarehe na makato. Hadi Aprili 2020, Benki Kuu ya Kenya ilipokataza wenye madeni ya chini ya shilingi 1,000 kupelekwa kwenye orodha ya CRB, yaani kampuni zinazotunza taarifa za wakopaji, deni dogo namna hiyo liliweza kumfungia mtu mlango wa benki. Mfumo uliojengwa ili kumwingiza ulimtoa kwa deni la shilingi mia kadhaa.

Kanuni za Kenya za mwaka 2022 zimewakataza wakopeshaji hao kutisha, kutukana na kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mteja. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Ni hatua njema, na zote zinafunga mdomo wa mkopeshaji bila kumpa masikio. Kulalamika ni haki ya aliyekosewa. Ambaye hakukosewa na mtu, ila amefiwa au mvua imemnyima, hana pa kusemea. Basi benki kuu zetu na ziongeze sharti moja katika leseni: kila mkopeshaji wa simu awe na namba inayopokelewa na mtu, mwenye mamlaka ya kuongeza siku bila kuongeza ada. Asiyeweza kumlipa mtu huyo mshahara, asikopeshe.