Mwamba Haukupakwa Rangi

Somo: 1 Samweli 14:1–14



Jumamosi iliyopita niliandamana na vijana wetu wa Loresho hadi mbuga ya Hell's Gate. Tangazo liliposomwa kanisani, wazee walicheka: mchungaji anawapeleka watoto wetu kwenye Lango la Jehanamu! Tulishika Waiyaki Way alfajiri, tukaipita Limuru ingali na ukungu, tukateremkia Naivasha. Vijana hawa wamekuwa wakifanya mazoezi ya kupanda ukuta ndani ya ukumbi hapa Nairobi. Sasa walitaka mwamba wenyewe.

Ukuta wa ukumbini nimeuona. Umejaa vishikio vilivyokazwa kwa skrubu, kila njia na rangi yake. Ukianza na buluu, unafuata buluu hadi juu. Kamba imeshatundikwa kabla hujafika, na chini sakafu ni laini. Aliyepanga vishikio alishaufikiria urefu wako na nguvu zako. Wewe unafuata tu.

Fischer's Tower ni habari nyingine. Ni nguzo ya mwamba wa volkano yenye urefu wa mita 25 hivi, imesimama peke yake karibu na Lango la Elsa la mbuga hiyo. Jina lake limetokana na Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883. Hakuna aliyeipaka rangi. Pimbi, wale ambao Biblia yetu inawaita wibari, walikuwa wakiota jua maweni, wakitutazama kama wenye nyumba wanavyowatazama wageni.

Binti mmoja, ambaye ukumbini hupanda kama mjusi, alikwama mita chache tu kutoka chini. Mikono ilipapasa huku na huku. "Sioni pa kushika!" Kijana aliyeshika kamba yake akamjibu taratibu: "Dada, usitafute rangi. Angalia miguu yako." Akainamisha macho, akaona ufa mwembamba, akaingiza ncha ya kiatu, akasimama. Ufa ulikuwepo muda wote.

Nilipokuwa nikimtazama, nilijiona mimi na ninyi. Jumapili namba ya wimbo inatangazwa, somo limeshachaguliwa, tunajua lini tusimame na lini tuketi. Jumatatu mkubwa wako wa kazi anakuletea ankara uitie sahihi, nawe unajua mali iliyoandikwa humo haikufika stoo. Hapo hakuna buluu wala nyekundu. Karo ya mtoto inadaiwa, na kalamu iko mkononi.

Sisemi ukuta wa ukumbini ni bure. Fundo la umbo la nane walilofunga vijana Hell's Gate walilifundishwa Nairobi. Hukohuko walizoea kwamba hakuna anayeacha ardhi kabla mwenzake hajakagua fundo lake na mkanda wake wa kiunoni. Wala hakuna anayetoka ukumbini na kuruka moja kwa moja hadi Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199. Wapandaji wa Nairobi wana miamba ya karibu ya kujifunzia, kama ile ya Lukenya upande wa Athi River, inayotumiwa miaka mingi na Mountain Club of Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1949. Ibada nayo ni mahali pa kujifunzia fundo. Kosa letu ni kudhani kwamba kulijua fundo ndiko kupanda.

Sasa tazameni somo letu. Mfalme Sauli ameketi chini ya mkomamanga na watu wapatao mia sita. Ahiya kuhani yuko hapo pia, amevaa naivera, vazi la kikuhani. Ndiyo, kuhani alibaki kivulini, na neno hilo limenichoma kwanza mimi. Yonathani, mwana wa Sauli, anaondoka kimya kimya kuielekea ngome ya adui na kijana mmoja tu, mchukua silaha wake. Mbele yao kuna majabali mawili, Bosesi na Sene. Yonathani hasemi kwamba Mungu amemchorea njia. Anasema huenda Bwana akatenda kwa ajili yao. Huenda! Kisha anapanda kwa mikono na miguu, na kijana yule nyuma yake, baada ya kumwambia kwamba yuko pamoja naye kwa moyo wake wote.

Imani ya Yonathani ilikuwa na "huenda" ndani yake, lakini haikuwa ya kukurupuka. Alisubiri ishara, na hakwenda peke yake. Tulikumbushana hayo asubuhi kabla ya kugusa jiwe, kwa sababu mwamba una hali ya hewa yake. Aprili 2012, watu saba wa kundi la vijana wa kanisa moja walikufa katika korongo la mbuga hiyohiyo, mafuriko yalipowakuta. Mwaka 2019 mafuriko yaliua wengine saba humo. Mvua ikinyesha mbali, maji hukufikia ukiwa umesimama juani. Kwa hiyo tulichukua mwongozaji wa pale, tukavaa kofia ngumu, na mawingu yalipoanza kujikusanya tulifunga kamba zetu tukaondoka, ingawa wawili walikuwa hawajapanda. Walinuna hadi Naivasha mjini.

Wapendwa, wengi wetu hatuanguki kwa kukosa nguvu. Tunakwama tukisubiri rangi, na tunakwama bila mtu wa kutuambia tuangalie miguu. Binti yule hakufika juu kwa sababu alijua zaidi. Alifika kwa sababu kulikuwa na mtu chini ambaye macho yake hayakumwacha, na kamba haikumponyoka.

Basi wiki hii, kabla hujatia sahihi, kabla hujajibu ujumbe ule, mpigie simu mtu mmoja unayemwamini umwambie ulipokwama. Na simu ikiita kwako, pokea. Huenda kuna mtu yuko mwambani, na kamba yake umeishika wewe.