Programu Iliyoshinda Jukwaani

Kwa wanafunzi wa vyuo wanaosoma kompyuta, mashindano yanayojulikana zaidi duniani ni ICPC, ambayo chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, mwaka 1970. Timu ni ya watu 3 kwenye kompyuta moja, na muda ni saa 5. Kila swali huja na mipaka yake imeandikwa: idadi hii haitazidi 100,000, kila mstari una namba 2, hakuna mstari mtupu. Programu ikikwama kwenye jaribio moja tu la siri, jibu zima limekataliwa, na hata ukilipata swali hilo baadaye, kila kosa la awali linakuongezea dakika 20 za adhabu. Ukipatia, unaletewa puto lenye rangi ya swali. Nimewanoa vijana kwa mashindano ya namna hii na nayapenda kwa dhati. Yanamfundisha mtu kusoma swali mpaka nukta ya mwisho, na kumwachia mwenzake kibodi hata kama vidole vinamwasha.

Mwanafunzi ninayemsimulia hapa aliyamudu tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa mwepesi kuona njia ya swali kabla wenzake hawajamaliza kulisoma, na hakuwa mchoyo wa kuelekeza. Kutoka kwenye mashindano akaingia hakathoni, yaani shindano la kutengeneza programu kwa muda mfupi, na huko ndiko mambo yalikoanza kwenda kombo, ingawa wakati ule kila mtu aliona yanakwenda vizuri.

Hakathoni ile ilikuwa ya saa 48, mada ni huduma za fedha. Shangazi yake alikuwa mwanachama wa kikoba cha akina mama Mbagala, Dar es Salaam. Kijana akaenda, akaamkia, akaomba daftari la kikundi, akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Siku mbili baadaye alikuwa na programu ya simu: hisa zinaingia, mikopo inahesabiwa, mwanachama anaona salio lake. Mbele ya majaji alikuwa na dakika 5. Akabonyeza alipojua panabonyezeka, kila kitu kikaitika, akashinda. Ukaja mwaliko wa kongamano Kigali, kisha Nairobi, kisha kwingine. Kadi za majina zenye kamba zikajaa ukutani kwake.

Shangazi alifurahi kuliko wote. Akamwambia, "Mwanangu, hicho ulichowaonyesha wakubwa, si utuletee na sisi?" Akajibu, "Shangazi, hilo dogo tu." Mzunguko mpya ulipoanza, wale akina mama 25 wakaacha kuandika daftari.

Hapa inafaa kueleza kikoba kinavyojilinda, maana wengi wanaotengeneza programu za vikundi hivi hawajawahi kuketi kwenye kikao chao. Wanachama hununua hisa kila wiki, wanakopeshana kutoka kwenye fungu hilohilo, wanachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, na mwishoni mwa mzunguko wanavunja na kugawana. Kwa desturi, fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli 3, na funguo hushikwa na watu 3 tofauti, ambao si wale wanaotunza sanduku lenyewe. Kuhesabu hufanywa kwa sauti, mbele ya wote. Asiyejua kusoma anakumbuka kwa kusikia. Serikali nayo inavitambua: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne la watoa huduma hizo. Huo ni mfumo kamili. Hauna skrini, lakini umefikiriwa na watu wanaojua fedha inavyoweza kuvunja undugu.

Programu ya kijana ilikuwa na neno la siri moja, analo yeye, kwenye laptopu yake.

Kasoro ya kwanza ilitokea kimya. Kikao hufanyika jioni, na jioni mtandao huwa mzito. Mweka hazina akibonyeza "hifadhi", ukurasa unaganda. Hajui kama imeingia au haijaingia, basi anabonyeza tena. Kila alipobonyeza, programu iliandika hisa mpya. Programu ya mashindanoni haikutani na jambo hili hata siku moja: inapokea data iliyokwisha kupangwa na waandaaji, inatoa jibu, kazi yake imekwisha. Kijana alikuwa amezoea kuahidiwa mipaka. Mama mwenye simu ya mtandao mbovu hakuahidi chochote.

Kosa la namna hii si la wanafunzi peke yao. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na haikufikisha dakika moja angani kabla ya kulipuka. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka Ariane 4. Ndani yake, namba ya biti 64 iligeuzwa kuwa ya biti 16 bila kukaguliwa kama itaenea, kwa sababu kwa mwendo wa Ariane 4 namba hiyo haikuwahi kuwa kubwa kiasi hicho. Ariane 5 ilikuwa na kasi zaidi, namba ikafurika, roketi ikapotea njia. Programu iliyokuwa sahihi mahali pake ilipelekwa mahali pengine, na hakuna aliyeuliza upya mipaka ni ipi.

Mbagala hakikulipuka kitu. Kikao kimoja fedha za sandukuni zilihesabiwa, zikapungua kwa shilingi 315,000 kuliko zile za kwenye simu. Hakuna aliyeitilia shaka simu. Ilikuwa imeshinda, ilikuwa imefika Kigali. Macho yote yakamgeukia mweka hazina, mwanamke aliyeaminiwa na mtaa kwa miaka, na mmoja akalitamka neno ambalo likishatamkwa halirudi. Mweka hazina alilia palepale. Shangazi akapiga simu kwa kijana: haipatikani. Alikuwa safarini kwenda kongamano jingine.

Kwenye kongamano hilo alionyesha kazi yake kwenye skrini kubwa, na kwa haraka alitumia data ileile ya kikundi, yenye majina kamili na madeni ya kila mama. Mtu ukumbini akapiga picha, picha ikazunguka WhatsApp, ikafika Mbagala kabla yeye hajafika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, lakini hata isingekuwapo, deni la mtu ni siri ya kikao chake. Mimi nalihesabu hili kuwa baya kuliko fedha zenyewe.

Aliporudi, seva iliyotunza hesabu za programu haikuwapo tena. Aliiweka kwenye huduma ya bure ya majaribio, muda wake ukaisha, onyo likaja kwenye barua pepe ambayo hakuisoma, na kumbukumbu zikafutwa. Nakala nyingine hakuwa nayo. Alikesha na shangazi yake wakikusanya ujumbe wa miamala kutoka simu za wanachama. Waliotuma kwa simu walipata haki yao. Waliotoa taslimu walibaki na kauli yao tu. Ile tofauti ya sandukuni ilithibitika kuwa ni hisa zilizoandikwa mara mbili, na kijana akasimama mbele ya kikao akasema hivyo. Walimsamehe. Mweka hazina alishajitoa, na kikoba kilivunjwa kabla ya wakati.

Wewe unayejiandaa kwa mashindano au unayefunga begi kwenda kongamano, nenda, na utafute ushindi kwa bidii zote. Ila kama kuna kikundi kimeshaanza kutumia kazi yako, kabla hujaondoka waombe waendelee kuandika daftari mpaka hesabu za pande zote mbili zilingane mzunguko mzima. Gawa mamlaka ya kuingia kwenye mfumo kama wao walivyogawa funguo. Weka nakala ya kumbukumbu mahali pawili, na siku moja ujaribu zoezi la kuirudisha. Keti kwenye kikao chao jioni, mtandao ukiwa mbovu, umwangalie mweka hazina anavyobonyeza. Jukwaani onyesha majina ya kubuni. Na kama huna muda wa kufanya haya, waambie wazi kwamba kazi yako bado ni ya maonyesho, na uwaachie daftari lao.