Kuangalia ni Bure?

Wiki niliyoachishwa kazi, shoga yangu alikuja kunitoa ndani. "Inuka, twende Biashara Street tukaangalie leso. Kuangalia ni bure." Hapa Mombasa wengi tunaamini hivyo. Tulisoma majina ya leso kwa sauti, kila jina tukilitafutia jirani wa kufaa, tukacheka mpaka machozi. Moyo ukanirudi. Kisha nikaliona rundo la doti alizotufungulia muuzaji, naye ameanza kuzikunja moja moja. Kumbe raha yangu ina gharama, ila anailipa mwingine. Huo si wizi, lakini ni deni. Tukashika pembe, tukakunja naye. Nikipata kazi, doti ya kwanza nitanunua kwake.