Jibu la Kuazima

Yako maswali madogo ambayo ukiyatazama kwa makini huwa si madogo tena. Moja ni hili: mtu akiazima jibu la fumbo alilolichukua kwa hiari yake, kwa ajili ya kunoa akili yake tu, amemdhulumu nani? Hakuna zawadi iliyowekwa. Hakuna cheti wala mtihani, na hakuna aliyenyang'anywa nafasi. Amefumbua, au amefumbuliwa. Usiku umeingia na kila mtu amekwenda kulala. Je, pana kosa hapo?

Swali hili limenijia kwa njia ya kazi yangu. Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta, na kwa miaka kadhaa nimekuwa na desturi ya kufumbua mafumbo yanayotegwa kwenye intaneti kwa ajili ya watu wa kazi hii. Msomaji asiyeyajua asiogope, maana mengine hayapiti hesabu za shule. Lipo kundi la mafumbo liitwalo Project Euler, lililoanzishwa na Colin Hughes mwaka 2001. Fumbo lake la kwanza ni hili: chukua namba zote zilizo chini ya 10 zinazogawanyika kwa 3 au kwa 5. Utapata 3, 5, 6 na 9, na jumla yake ni 23. Sasa tafuta jumla ya namba za namna hiyo zilizo chini ya 1000.

Kompyuta ikiamriwa kupita namba moja baada ya moja hulimaliza kabla hujapepesa jicho. Lakini atakayekaa nalo kidogo ataona jambo jingine. Anaweza kujumlisha zile zinazogawanyika kwa 3, akajumlisha zile za 5, kisha akatoa zile za 15. Kwa sababu 15, 30, 45 na wenzake wamo katika makundi yote mawili, nao wamehesabiwa mara mbili. Akishaona hivyo, karatasi na kalamu vyatosha, na badala ya 1000 ungempa milioni elfu asingetoka jasho zaidi. Jibu lenyewe sitaliandika. Ni namba ya tarakimu sita, na haifai kununulia hata andazi. Chenye thamani ni ile nusu saa ambayo mtu alikuwa akijiuliza mbona hesabu yake imezidi, mara akaiona ile 15 imekaa pande zote mbili.

Mafumbo niyapendayo zaidi ni yale ya Advent of Code, ambayo Mmarekani Eric Wastl amekuwa akiyatega kila Desemba tangu mwaka 2015. Kila siku hadithi moja, na kila hadithi ina sehemu mbili. Ya pili haifunguki mpaka ya kwanza ijibiwe. Fumbo hutolewa usiku wa manane kwa saa za mashariki ya Marekani, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa mbili asubuhi. Wenyewe kule hupambana na usingizi. Sisi tunapambana na wakuu wetu wa kazi. Hadi mwaka 2024 mafumbo yalikuwa 25, na palikuwa na orodha ya dunia nzima: wa kwanza kumaliza alipata alama 100, wa pili 99, hivyo hivyo hadi wa mia aliyeambulia moja. Wa mia na moja hakupata kitu.

Kisha zikaja mashine za akili mnemba. Watu waliombwa wasizitumie kuwania orodha ile. Wengine wakasikia, wengine wakatia pamba masikioni. Na Desemba 2024 yalionekana majibu yaliyofika katika sekunde chache, muda ambao binadamu hawezi hata kuisoma hadithi yenyewe hadi mwisho. Mwaka 2025 mafumbo yalipunguzwa yakawa 12, na orodha ya dunia ikaondolewa. Akili mnemba haikuwa sababu ya pekee, kwa maana orodha ile ilikuwa imewatia wengi dhiki, mtegaji mwenyewe miongoni mwao.

Sasa, aliyeazima jibu ili aingie katika mia alimdhulumu mtu, na mtu huyo anajulikana: ni yule wa mia na moja. Hilo halihitaji falsafa. Lililo gumu ni la huyu aliyebaki baada ya orodha kuondoka, aliyejifungia chumbani kwake, hashindani na yeyote, naye akaiomba mashine jibu.

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi aliniwekea hoja hii waziwazi. "Kaka," aliniambia, "kesho ofisini nitatumia mashine hiyo hiyo, na nitasifiwa. Kwa nini nijitese leo? Wewe unanoa panga na trekta liko shambani."

Ni hoja nzito, nami sipendi watu wanaoipuuza. Septemba 2025, katika fainali ya dunia ya mashindano ya vyuo vikuu yaitwayo ICPC, iliyofanyika Baku, timu za wanafunzi watatu watatu, kila timu kwa kompyuta moja, zilipewa saa tano na mafumbo 12. Hakuna timu iliyoyamaliza yote. Mashine za kampuni mbili nazo ziliyajaribu mafumbo hayo hayo, nje ya orodha ya washindani: ya Google ikafumbua 10, ya OpenAI ikafumbua yote 12. Vijana wale walikuwa miongoni mwa mabingwa wa dunia, na wamejifunza tangu utotoni. Kwa hiyo anayeniambia tuendelee kujinoa kwa sababu mashine hukosea, simfuati. Ni kweli hukosea, lakini anayejenga hoja yake juu ya udhaifu wa mashine itambidi aibomoe na kuijenga upya kila mwaka.

Mimi nilimjibu kijana kwamba mfano wake una tundu. Trekta linakwenda shambani kwa sababu kuna shamba. Watu wanangojea mahindi. Katika fumbo hakuna anayengojea kitu. Mtegaji analo jibu tangu mwanzo, na hana haja ya kuletewa. Kumpa mashine fumbo lako ni kama kumpa mwenzio chakula chako akile, kisha wewe ukapiga mbweu. Alicheka, lakini hakukubali. Akaniuliza: na anayekwama kabisa afanyeje? Akeshe mpaka afe?

Hapo nikakumbuka vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Kila aliyekulia katika lugha hii anajua yanayofuata. Aliyeshindwa hakuachwa hivi hivi, wala hakufukuzwa barazani. Aliambiwa atoe mji. Akasema, haya, chukua Unguja, au chukua Tabora. Na mtegaji akaenda huko kwa maneno, akala, akanywa, akajisifu apendavyo, kisha akarudi na jibu. Tulikuwa tukiona ni mchezo tu. Leo naona palikuwa na hekima kubwa mle: asiyejua alikuwa na mlango wa kutokea kwa heshima. Alikiri mbele za watu kwamba hajui, akalipa kwa mji ambao hakuwa nao, na jibu likawa lake kihalali. Ama yule aliyekuwa amekwisha kulisikia jibu jana kwa dada yake, akirukia kulisema, wenziwe walipiga kelele: "Huyu anakijua!" Jibu lake lilikuwa sahihi, ila halikuhesabiwa.

Mafumbo ya kompyuta hayana mji. Unapeleka jibu, unaambiwa ndiyo au siyo. Katika ICPC kila jibu la makosa huongeza dakika 20 kwenye hesabu ya muda wa timu, ikiwa fumbo hilo watalipata baadaye. Na mahali ulipokosea huambiwi. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa hana pa kusema nimeshindwa. Anabaki peke yake na kioo kinachomwambia siyo, siyo, siyo, mpaka haya zinamshika naye anakwenda kuazima. Akilipeleka jibu lile, kule kulipeleka ni kusema "nimepata". Hakuna aliyemsikia ila yeye mwenyewe, nami sioni kama hilo linaupunguza uongo. Pengine linauzidisha, kwa maana aliyedanganywa hawezi kugundua. Hajui tena ujuzi wake umeishia wapi, naye ndiye pekee aliyehitaji kujua.

Basi nilimwambia kijana: ukikwama, toa mji. Mimi nina daftari. Fumbo lililonishinda naliandikia namba yake na jina la mji, ndipo nakwenda kusoma maelezo ya waliofumbua, au hata kuiuliza mashine, na sioni haya. Nimekwisha kutoa Kilwa, Lamu, Bukoba na Kigoma. Mombasa naihifadhi.

Lakini siwezi kuliacha jambo hili bila kutaja upande wake mchungu. Siku hizi ofisi nyingi huyatumia mafumbo ya namna hii kuchuja watu wanaotafuta kazi. Nimewahi kuketi upande wa wanaochuja. Hapo mambo hugeuka: anayeazima jibu anachukua kiti cha mwenzake, na mwenzake huyo ana jina na ana watoto. Namlaumu. Ila nawalaumu zaidi walioufanya mchezo kuwa lango. Mwenye kompyuta nyumbani na jioni zake huru hujizoeza mia mbili kabla ya usaili, wakati mwingine anatoka kibaruani saa moja usiku akiwa na hela ya nusu saa ya intaneti. Tunawapima wote kwa saa moja, kisha tunasema tumepata mwenye akili zaidi.

Tena kinoo nacho hula chuma. Katika mashindano mtu huandika haraka, namba zake akaziita a, b na c, na programu ikishakubaliwa hutupwa. Programu ya kuhesabu dawa katika stoo ya hospitali itasomwa na mtu mwingine miaka mitano baadaye, aelewe au asielewe.

Desemba 2025 kijana alikuja na yale mafumbo 12, orodha ya dunia haipo, na hakuna wa kumwonyesha ila mimi. Alikuwa amefumbua saba. Kwa manne alitoa miji, tena alikuwa mkarimu kuliko mimi, alitoa hadi Dar es Salaam. Moja lilibaki. Nilimuuliza kama nalo analitolea mji, akasema bado; anataka alitazame tena Jumamosi.