Ngoma Ikivuma Sana

Tarehe 31 Mei 1976, bendi ya The Who ilipanda jukwaani katika uwanja wa klabu ya mpira ya Charlton Athletic, kusini-mashariki mwa London. Uwanja ulifurika watu, na mitambo ya wati 76,000 ilikuwa imeelekezwa kwao. Kipimo kilichochukuliwa mita 32 kutoka kwenye spika kilionyesha desibeli 126. Kitabu cha rekodi cha Guinness kikaandika kwamba hilo ndilo tamasha lililopigwa kwa sauti kubwa kuliko yote duniani, na kwa miaka mingi mashabiki wakaitaja rekodi hiyo kwa fahari. Baadaye Guinness wenyewe waliacha kupokea rekodi za namna hiyo, kwa sababu hawakutaka kuwachochea watu kushindana kuharibu masikio.

Wahenga waliposema ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka, walikuwa wakiizungumzia ngoma yenyewe. Katika kisa hiki ngoma ilibaki nzima, wakaharibika wapigaji.

Pete Townshend, mpiga gitaa na mtunzi mkuu wa The Who, alianza kusumbuliwa na mlio masikioni akiwa bado mtu wa makamo. Mlio huo, ambao madaktari wanauita tinitasi, hautoki nje. Unasikika kichwani hata nyumba ikiwa kimya, na haumwachi mtu apumzike. Bendi ilipofanya ziara kubwa mwaka 1989, Townshend alipiga zaidi gitaa lisilo la umeme na kumwachia mwanamuziki mwingine gitaa la umeme, kwa kuwa masikio yake hayakuweza tena kustahimili kishindo alichokuwa amekizoea tangu ujana. John Entwistle, aliyepiga besi, alifariki mwaka 2002 akiwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya usikivu wake. Keith Moon, mpiga dramu, alifariki mwaka 1978 akiwa na miaka 32, kabla ya uzee kumdai deni hilo. Na Roger Daltrey, mwimbaji, alisimama mbele ya mashabiki Las Vegas mwaka 2018 akawaambia wazi kwamba yeye ni kiziwi sana. Akawasihi waende kwenye matamasha na vizibo vya masikio, akisikitika kwamba wao walipokuwa vijana hawakulijua hilo.

Huyo ni mtu aliyekula na kunywa kwa kelele. Hana sababu ya kuutukana muziki wala kuwaonea wivu vijana. Anaposema zibeni masikio, anasema kama mzee aliyekwisha kuipita njia na kuona shimo lilipo, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Swali la kujiuliza ni hili: ilikuwaje watu waliokuwa wakiishi kwa masikio yao wasitambue kwamba yanaharibika? Jibu lake ndilo kiini cha funzo zima. Moto ukikugusa, unaondoa mkono kabla hujafikiri. Sauti kubwa haina ukali huo. Madhara yake huanza mapema, kabla ya maumivu, tena huja yamefungamana na furaha: besi inatikisa kifua, miguu inacheza yenyewe, na watu wanaimba kwa pamoja. Mwili hautoi ishara ya kukimbia. Ishara inayokuja huja umechelewa, nayo ni ule mlio wa njiani kurudi nyumbani na kuhisi kana kwamba masikio yametiwa pamba.

Sauti inapoingia hutikisa ngoma ya sikio, nayo hutikisa vijifupa vitatu vidogo, navyo huupeleka mtikisiko ndani ya koklea, kijumba kilichojisokota na kujaa maji. Humo mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo. Vinyweleo vikiyumba, habari inapelekwa kwenye mshipa wa fahamu na ubongo unasikia. Binadamu huzaliwa na akiba hiyo na hapewi nyingine. Kuku akipoteza seli zake, nyingine huota mahali pake. Kwa binadamu iliyokufa imekufa, na hakuna dawa ya kuiotesha.

Seli hizo ni kama nyasi za mbele ya goli. Zikikanyagwa Jumapili moja zinalala, na kufikia katikati ya juma zimeinuka. Zikikanyagwa kila Jumapili, panabaki udongo mtupu. Masikio yaliyoziba baada ya tamasha ni nyasi zilizolala. Yakizibuka kesho yake, mtu anajiambia amepona, naye Jumamosi inayofuata anarudi kusimama palepale.

Na huko kupona kwenyewe hakuaminiki sana. Mwaka 2009 watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston walichapisha uchunguzi walioufanya kwa panya. Waliwaweka penye kelele ya desibeli 100 kwa saa mbili. Usikivu wa panya ulidhoofika, kisha ukarudi, na kwa vipimo vya kawaida ungesema hawakudhurika. Lakini koklea zao zilipochunguzwa kwa darubini, ilionekana kwamba katika baadhi ya sehemu karibu nusu ya maungio kati ya seli na mishipa ya fahamu yalikuwa yametoweka, wala hayakurudi. Yule anayesema kesho yake nilikuwa mzima anaweza kuwa ameshapata hasara ambayo itajidhihirisha baada ya miaka.

Inapojidhihirisha, huanzia kwenye sauti nyembamba. Mtu anausikia mvumo wa maneno ila herufi kama s, f na sh zinampotea, hata asijue kama ameambiwa fika au shika. Huwaambia watu wanamung'unya maneno. Kwenye chumba chenye watu wengi anaitikia kwa tabasamu asichokisikia. Mjukuu mwenye sauti nyororo anamwita mara tatu, kisha anachoka na kwenda kumwambia bibi. Taratibu mtu huyo anaacha kuhudhuria vikao, kwa kuwa kukaa kati ya watu bila kuelewa kunauma kuliko kukaa peke yake. Ndiyo maana sikubali uziwi wa namna hii uitwe jambo dogo. Unamtenga mtu na watu wake angali hai kati yao.

Tusidhani haya ni ya muziki wa roki na magitaa ya umeme tu. Mwaka 2012 Christopher Goldscheider, mpiga viola wa Royal Opera House ya London, alikuwa mazoezini kwa opera ya Wagner. Hapakuwa na spika wala gitaa la umeme, lakini nyuma yake waliketi wapigaji wa tarumbeta na vyombo vingine vya shaba, na kishindo chao kilipita desibeli 130. Masikio yake yakaumia na kazi ikamshinda. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilimpa haki dhidi ya mwajiri wake, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaithibitisha hukumu hiyo. Sikio haliulizi kama kinachopigwa ni Wagner, taarabu, singeli au wimbo wa injili. Linachohesabu ni ukubwa wa sauti na muda wa kukaa nayo.

Hesabu hiyo ni rahisi, na kila mpenda muziki angepaswa kuijua. Wataalamu wa afya kazini Marekani wanakadiria kwamba mtu anaweza kukaa saa nane kwa siku penye desibeli 85. Kila sauti inapopanda desibeli tatu, nguvu yake inaongezeka mara mbili na muda wa kukaa nayo unakatwa nusu. Kwenye desibeli 88 ni saa nne, kwenye 91 saa mbili, kwenye 94 saa moja. Ikifika 100, kiwango cha kawaida kabisa mbele ya jukwaa, ni dakika 15. Ukiiendeleza hesabu hadi 126 ya Charlton, unabaki na sekunde mbili hivi.

Yapime maisha yetu kwa kipimo hicho. Kwenye vigodoro vya Dar es Salaam, spika hupangwa zikapita kimo cha mtu na singeli inapigwa hadi usiku wa manane, watoto wakicheza zilipo. Pwani ya Kenya kuna disko matanga, yaani dansi la usiku msibani. Kuna matatu inayotikisika kwa besi, na utingo wake anashinda humo tangu alfajiri hadi usiku. Kuna kumbi za harusi ambamo mshehereshaji anapiga kelele juu ya muziki, na mikutano ya injili ambako kwaya ya watoto inapangwa mbele ya spika. Siyasemi haya kumzuia mtu asicheze. Ngoma ni mali yetu, na jirani asiye na ngoma ni jirani mpweke. Nasema tuipige kwa namna ambayo aliyeicheza leo ataisikia akiwa na miaka 60.

Dawa ya kwanza ni umbali. Penye uwazi, kila unapoongeza maradufu umbali wako na spika, sauti hupungua takribani desibeli sita. Kutoka mita nne hadi mita nane pekee, muda wako salama unakuwa mara nne. Msimketishe bibi kizee wala mtoto mezani karibu na spika kwa kuwa nafasi ndiyo hiyo. Wahamisheni.

Dawa ya pili ni vizibo vya masikio. Vile vya sponji hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini na baadhi ya maduka ya dawa. Kisokote kwa vidole hadi kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha ukishikilie kwa kidole mpaka kifutuke. Kikikaa sawasawa kinapunguza desibeli 20 na zaidi, na muziki unaendelea kusikika. Pamba ya kawaida haitoshi, na karatasi ya chooni ni kujidanganya. Mwanamuziki atafute vizibo vya wanamuziki, vinavyoteremsha sauti zote kwa kiasi kimoja bila kuharibu ladha yake.

Dawa ya tatu ni kupumzika. Toka nje kila baada ya muda, ukae mahali pa kimya. Na yale ya ukumbini yasiendelezwe kwenye hedifoni. Townshend mwenyewe aliwahi kuandika kwamba kilichomdhuru zaidi ni hedifoni za studio, akawaonya vijana wanaosikiliza muziki kwa sauti ya juu masikioni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja wamo hatarini kwa usikilizaji wa namna hiyo.

Kuna wajibu usioweza kuachiwa msikilizaji peke yake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kumbi na matamasha: sauti isizidi wastani wa desibeli 100 katika kila dakika 15, ipimwe, wahudhuriaji wapatiwe vizibo, na pawepo mahali pa kupumzisha masikio. Uswisi, mwenye tamasha linalovuka desibeli 93 anabanwa na sheria kugawa vizibo bure. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2015 na Kenya tangu 2009, lakini kanuni hizo huamshwa zaidi jirani anapolalamika kukosa usingizi. Anayesimama mbele ya spika hakumbukwi. Waandaaji wawakumbuke hao.

Na fundi mitambo ajue mtego wa kazi yake. Kadiri usiku unavyokwenda masikio yake yanachoka, anaona muziki umefifia, anaongeza. Umati nao umechoka vivyo hivyo, unapiga kelele aongeze tena. Aweke kipimo mezani, akiamini namba kuliko sikio lililochoka.

Kathy Peck alikuwa mpiga besi San Francisco. Mwaka 1984 bendi yake ilitangulia jukwaani kabla ya Duran Duran, na masikio yake yakalia kwa siku kadhaa, kisha ikagundulika usikivu mwingi umekwenda. Hakukaa kulia. Mwaka 1988 alishiriki kuanzisha shirika la H.E.A.R. la kuwafundisha wanamuziki na mashabiki kulinda masikio, na Townshend akalichangia fedha. Aliyeumia amegeuka mwalimu, nasi tumepata elimu ambayo yeye aliilipia kwa mwili wake.

Basi funzo ni hili. Ukilazimika kupiga kelele ili mwenzako aliye urefu wa mkono akusikie, sauti imekwisha kuzidi, na ni wakati wa kuziba masikio au kusogea mbali. Masikio yakilia baada ya dansi, yahesabu yameumia na uyape siku kadhaa za utulivu. Sikio likiziba ghafla na kusikia kukapungua, usisubiri lizibuke lenyewe. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa maana matibabu yanayofaa huhitaji kuanza mapema. Wewe mzazi, mtoto wako hawezi kupima hatari hii, kwa hiyo mpimie. Wewe kijana, kamwe usione aibu kuweka vizibo mbele ya wenzako. Waliokuwa na sauti kubwa kuliko wote duniani wamekwisha kukiri kwamba wangevivaa.