Je, Yafaa Mtu Mzima Airudie Noeli ya Utoto Wake?



Wazee husema: ujana ni moshi, ukienda haurudi. Lakini kila mwaka, Majilio yakianza, twaona watu wazima, wengine wenye mvi na wajukuu, wakijaribu kuushika moshi huo kwa mikono. Mmoja ataka kusikia wimbo ule ule aliousikia akiwa mgongoni mwa mama yake. Mwingine ataka chakula kile kile, chungu kile kile. Na huko Marekani watu wengi sana huketi mbele ya televisheni, kutazama tena sinema fupi za Noeli walizozipenda walipokuwa watoto. Ndugu zetu wa Kivu waliohamia huko kama wakimbizi wamezikuta sinema hizo, na watoto wao wamekwisha kuzizoea kama watoto wa wenyeji.

Basi twauliza: je, jambo hilo ni jema? Mtu aliyekomaa afanya vema kuyarudia mambo ya utoto wake? Au ni udhaifu tu na kupoteza wakati, katika majira ambayo Eklesia yatuita kukesha na kusali?

Swali hili si dogo. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wakorinto habari za mapendo, ajitaja mwenyewe kuwa mtu aliyeyaacha ya kitoto alipokomaa. Lakini katika Injili ya Mateo, Bwana wetu amsimamisha mtoto katikati ya mitume, na kuwaonya kwamba mlango wa mbinguni haufunguki kwa wasiokubali kuwa wadogo kama yeye. Mtume ayaacha ya utoto. Bwana atutuma tukajifunze kwa mtoto. Je, wanapingana? Hata kidogo. Lakini hatuna budi kuitafuta njia ipitayo kati ya mafundisho hayo mawili, na sinema hizo zaweza kutusaidia kuiona. Wala tusione haya kuzichunguza. Baba Mtakatifu Pio XII aliandika waraka mzima juu ya sinema, redio na televisheni, tarehe 8 Septemba 1957; na Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili ukatoa hati yake juu ya vyombo hivyo tarehe 4 Desemba 1963. Eklesia haikuvitupa. Ilitutaka tuvitumie kwa akili na kwa dhamiri safi.

I. Sinema zenyewe

Tutazitaja tatu tu. Ya kwanza ni ya Rudolph, iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 6 Desemba 1964. Wahusika wake ni wanasesere waliosogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera, picha moja baada ya nyingine, kazi iliyofanyika Japani. Rudolph ni mnyama wa nchi za theluji, afananaye na kulungu. Amezaliwa na pua nyekundu ing'aayo kama taa. Wenzake wamcheka na kumfukuza katika michezo yao. Mwisho, usiku wa Noeli wafunikwa na ukungu, na Baba Noeli amwomba aongoze safari kwa mwanga wa pua yake.

Ya pili ni ya Charlie Brown, ya tarehe 9 Desemba 1965. Aliyeitunga ni Charles Schulz, mchoraji mashuhuri wa magazeti, aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki mwaka 2000. Charlie Brown ni mtoto ambaye Noeli imekaribia naye hana furaha. Aona wenzake wote wanahangaikia zawadi na mapambo, hata mbwa wake apamba kibanda chake ili ashinde tuzo. Ndipo auliza kwa uchungu kama yupo mtu awezaye kumweleza Noeli ni nini.

Ya tatu ni ya Grinch, ya tarehe 18 Desemba 1966, iliyotokana na kitabu cha mwaka 1957. Grinch ni kiumbe mwenye chuki aliyeiba zawadi zote na vyakula vyote vya kijiji kimoja, akidhani ameiiba Noeli yenyewe. Asubuhi asikia wanakijiji wanaimba vile vile, mikono mitupu. Moyo wake uliokuwa mdogo wakua, naye arudisha vyote.

Labda mtu atasema: “Hizo ni biashara tu.” Twakubali kwamba biashara imo. Sinema ya Rudolph ililipiwa na kampuni ya vyombo vya umeme, na ile ya Charlie Brown, inayolaumu biashara ya Noeli, ililipiwa na Coca-Cola. Hata Rudolph mwenyewe alitungwa mwaka 1939 kwa ajili ya kijitabu ambacho kampuni moja ya maduka ya Chicago iliwagawia watoto wa wateja wake. Lakini tukumbuke pia kwamba Robert May, mtumishi aliyepewa kazi hiyo, alikuwa na mke mgonjwa sana na binti mdogo. Mke akafa mwaka ule ule, naye akaimaliza hadithi ya mnyama anayedharauliwa akiwa katika msiba. Bwana wake alitaka kuuza. Yeye alitia humo moyo wake. Mambo ya wanadamu ndivyo yalivyo, ngano na magugu katika shamba moja. Ndiyo sababu yatupasa kupambanua.

II. Mtoto aona nini, mtu mzima aona nini?

Mtoto akiitazama sinema ya Rudolph aona jambo moja: mdogo aliyechekwa ameshinda. Afurahi, naye afurahi kwa haki.

Mtu mzima akirudi baada ya miaka 30, aona jambo ambalo mtoto hakuliona. Aona kwamba wa kwanza kumwonea haya Rudolph alikuwa baba yake mzazi, ambaye alimfunika pua kwa tope ili watu wasijue. Aona kwamba Baba Noeli naye hakumtetea. Wote walimpokea kwa mikono miwili pale tu walipomhitaji. Basi ajiuliza: je, kama usiku ule usingekuwa na ukungu? Je, Rudolph angebaki mtupwa siku zote?

Hapo Mkristu ajua kwamba hadithi imefika nusu ya njia. Yafundisha kwamba kila mtu ana faida yake. Ni kweli, lakini Injili yasema zaidi. Mwenyezi Mungu hakungoja tuwe na faida ndipo atupende. Mtoto wa Betlehemu alikuja kwetu tungali wenye dhambi, wala hakuuliza pua zetu zang'aa namna gani.

Lakini tusikilize jambo jingine, ambalo latufurahisha sana. Katika sinema hiyo hiyo kuna kisiwa cha vitu vya kuchezea vyenye kasoro: gari moshi lenye magurudumu ya mraba, tembo mwenye madoadoa, mpanda farasi aliyempanda mbuni. Vimetupwa huko kwa sababu hakuna mtoto avitakaye. Rudolph awaahidi kwamba Baba Noeli atawasaidia. Mwaka 1964 sinema ilikwisha bila ahadi hiyo kutimizwa. Watazamaji wakaandika barua kulalamika: ahadi imetolewa, mbona haikutimizwa? Watengenezaji wakaongeza sehemu mpya mwaka 1965, nayo yaonyesha Baba Noeli akienda kisiwani kuwachukua. Tazameni, ndugu! Wenye kazi yao walikwisha kusahau waliotupwa; waliotazama kwa moyo wa kitoto hawakusahau. Hilo ndilo jambo la utoto ambalo Bwana hataki tuliache.

Na Grinch je? Sinema yake yatuambia kwamba Noeli haitoki dukani. Vema. Lakini yatoka wapi basi? Haisemi. Mtoto aridhika, mtu mzima abaki na kiu.

III. Blanketi la Linus

Kiu hiyo yajibiwa katika sinema ya Charlie Brown. Rafiki yake Linus ni mtoto mwenye akili nyingi na woga mwingi. Daima ashika blanketi lake, hawezi kutembea bila hilo. Charlie Brown anapouliza swali lake, Linus aenda katikati ya jukwaa, aomba taa, na kusimulia habari za wachungaji na malaika kama alivyoziandika Mtakatifu Luka katika sura ya pili. Hakuna ngoma, hakuna mchezo. Ni sauti ya mtoto peke yake. Wenzake Schulz, waliotengeneza sinema pamoja naye, walisita kuweka maneno ya Injili katika sinema ya kufurahisha. Yeye, ambaye alikuwa Mprotestanti, alishikilia. Wakubwa wa televisheni walipoitazama kabla ya siku yake hawakuipenda. Lakini usiku ule nyumba zipatazo milioni 15 ziliiona.

Sasa angalieni jambo dogo ambalo watoto wengi hawaligundui. Linus anapofika pale malaika awatoapo wachungaji hofu, aliachia blanketi lake. Laanguka chini, naye aendelea kusema akiwa na mikono mitupu. Akimaliza, aliokota tena. Naye ni dhaifu kama sisi. Lakini baadaye watoto wanakuja kuupamba mti mdogo ambao Charlie Brown aliuchagua na wote wakaucheka, mti uliopindishwa na pambo moja tu. Linus achukua blanketi lile lile na kulizungushia shina la mti.

Ndugu, kumbukumbu za utoto wetu ni blanketi hilo. Zina joto. Kuna wengi miongoni mwetu ambao Noeli yao ya utoto ilikuwa katika nyumba iliyochomwa na vita, pamoja na baba na mama ambao sasa wamo kaburini, au hatujui walipolala. Nani atamlaumu mtu huyo akilishika blanketi lake? Sisi hatumlaumu. Lakini twaona njia tatu za kulishika. Wa kwanza alijifunika nalo kichwa ili asiwaone walio karibu naye; huyo ndiye atendaye ya kitoto. Wa pili akisikia neno la Mungu aliachia, kwa kuwa amepata cha kushika kilicho imara zaidi. Wa tatu amfunika nalo mwingine asikiaye baridi. Hao wawili ndio waliokuwa watoto kwa namna Bwana atakavyo.

Sinema ya Charlie Brown ilionyeshwa kwa wote katika televisheni zaidi ya miaka 50. Mwaka 2020 haki zake zilipokuwa mikononi mwa kampuni ya Apple, watu wengi walilalamika kana kwamba wamenyang'anywa urithi. Twawaelewa. Ila mtu akililia sinema naye hafungui Injili ambayo Linus aliisimulia, amelilia blanketi.

IV. Mtakatifu Tereza usiku wa Noeli

Labda mtu atauliza: “Yuko nani aliyeyaacha ya kitoto akabaki mtoto?” Yuko, nasi twamjua: Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu, ambaye mwaka 1927 alitangazwa msimamizi wa misioni.

Mama yake alifariki Tereza akiwa na miaka minne, na tangu hapo alikuwa mwepesi wa kulia kwa jambo lolote. Nyumbani kwao Lisieux, kama desturi ya Ufaransa, watoto waliweka viatu karibu na moto ili wapate zawadi usiku wa Noeli. Mwaka 1886 Tereza alikuwa karibu kutimiza miaka 14, naye bado aliviweka viatu vyake. Waliporudi kutoka Misa ya usiku, alimsikia baba yake, aliyekuwa amechoka, akisema kwa kuudhika kwamba afadhali huu uwe mwaka wa mwisho. Machozi yakamjia pale kwenye ngazi. Lakini neema ya Mungu ilimshika. Akajizuia, akashuka, akavifungua vile vitu vyote kwa furaha mbele ya baba yake, na baba akacheka.

Tereza mwenyewe aliuita usiku ule wongofu wake. Je, alifanya nini? Aliipokea zawadi ile ile ya kitoto, safari hii kwa ajili ya furaha ya baba yake. Blanketi ni lile lile. Limebadilika mwenye kufunikwa. Na huyo aliyeacha machozi ya kitoto ndiye aliyefundisha ulimwengu njia ya utoto wa kiroho, hata Baba Mtakatifu Yohane Paulo II akamtangaza mwalimu wa Eklesia mwaka 1997.

V. Basi tufanye nini?

Kwanza, wazazi wasiwaache watoto peke yao na sinema, ziwe katika televisheni au katika simu. Waketi nao, kisha wawaulize: Nani alidharauliwa? Nani alimwonea haya? Ungefanya nini wewe?

Pili, baada ya kutazama twende kwenye pango la Noeli. Mtakatifu Fransisko alilitengeneza Greccio mwaka 1223 ili watu wauone kwa macho umaskini wa Mtoto Yezu. Eklesia nayo huirudia Noeli kila mwaka, wala hatuirudii ili tuwe wadogo tena, bali ili Mwana wa Mungu akue ndani yetu.

Tatu, na hili ndilo zito. Kisiwa cha waliotupwa hakiko mbali nasi. Katika miji yetu wako watoto wanaolala sokoni kwa sababu jamaa zao wamewaita wachawi: huyu ana kifafa, huyu akojoa kitandani, huyu alizaliwa na kasoro, huyu aliachwa yatima na baba mdogo hakumtaka. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 yakataza kumshtaki mtoto uchawi, na kabla ya sheria hiyo amri ya mapendo ilikwisha kukataza. Walioandika barua mwaka 1964 walihuzunikia tembo wa kuchezea aliyeachwa kisiwani. Sisi twapita kando ya mtoto mwenye damu na roho, tukienda Misa ya usiku na nguo mpya.

Noeli hii, kila jamaa ya Kikristu imtafute mmoja wao na kumkaribisha mezani, bila kuuliza atatufaa nini. Mtoto huyo naye akumbuke siku moja, akiwa mzee, Noeli ya utoto wake.