Kicheko Mlangoni pa Mungu

Wahenga waliposema kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha, waliuonya ulimi usioujua mpaka wake. Swali linalobaki ni hili: je, mpaka huo hupita mlangoni pa Mungu? Mwenye imani anayecheka hali anasali amekosa adabu, ama amemsogelea zaidi Yule anayemwomba?

Na afikiriwe mjane wa Kiha katika vilima vya Kasulu, au kaskazini zaidi, Kibondo. Ana shamba la maharage na mihogo. Siku za wiki mkononi ana jembe. Jumapili ana kitenge chake kizuri na Biblia iliyolegea jalada. Mvua ikichelewa huomba kwa sauti, akamkumbusha Mola kwamba maharage hayakufunzwa kufunga saumu. Akiombewa goti linalomuuma hushukuru, kisha huongeza kwamba katika nyumba yake goti hilo ndilo pekee lisilosahau sala ya usiku, maana humwamsha kila siku. Mzee wa kanisa hukunja uso. Majirani hucheka, naye huwangoja wamalize ndipo aseme Amina.

Kicheko cha namna hii kina malezi yake. Uamsho uliovuma kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea Uganda, Burundi na Tanganyika, ukawazoeza walokole kusimama mbele ya wenzao na kuungama makosa yao pasi na kuyafunika. Aliyekwisha kuungama hadharani hana tena fahari ya kuilinda, aweza kujicheka. Na ajichekaye mwenyewe hamdhalilishi mtu. Hapo ndipo mzaha wake unapoachana na ule walioukemea wahenga.

Biblia yake nayo haimwachi peke yake. Ni tafsiri ya mwaka 1952, ya Kiswahili sanifu chenye shina lake katika Kiunguja; maneno ya kisiwani yamepanda hadi milima ya Buha. Ndani yake yumo Sara, ajuza aliyesikia kutoka mlangoni pa hema kwamba atazaa, akacheka kimoyomoyo. Kicheko kikaulizwa sababu. Sara, kwa hofu, akakana kwamba alicheka, na kukana huko ndiko kulikokataliwa. Hakupigwa na radi wala hakunyang'anywa ahadi. Mwana akazaliwa, akaitwa Isaka, jina lenye maana ya kucheka. Kicheko kilikuwa kweli ya mwili uliozeeka. Kukana ndiko kulikokuwa uongo.

Mizani hiyo, kama msumeno, hukata kuwili. Upo mzaha ambao wenyewe ni kukana. Ndugu za marehemu wakilitaka shamba, naye mjane akaligeuza jambo hilo kuwa kichekesho ili kikao kiishe kwa amani, watu watasifu moyo wake mkunjufu na imani yake isiyolalamika. Watakwenda zao wakiwa wamefurahi, na shamba litakwenda nao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Lakini haki isiyotamkwa, kwa kuchelea kuharibu kicheko cha watu, ni karatasi tu. Kicheko hicho si imani. Ni hofu ileile ya Sara, ila imegeuzwa: yeye alicheka akasema hakucheka, huyu analia, akasema anacheka. Kama Sara alirudishwa kwenye kweli, huyu naye hastahili kuachwa katika uongo wake, hata kama uongo huo umewapendeza wote.

Basi mpaka wa mzaha haupiti mlangoni pa Mungu. Hupita kati ya kusema kweli na kuificha. Mama anayemtania Mola juu ya mvua ameshaitaja njaa yake, hajaficha kitu. Mbele ya kikao cha ukoo naye afanye vivyo hivyo: kwanza aseme kwamba shamba ni lake. Akishasema, acheke apendavyo.